Andrew Lang na Ngano Nne za Unguja

Makala haya yanakusudia kufuata safari ya ngano nne za Kiswahili. Zilitambwa Unguja katika miaka ya 1860, zikaandikwa na kuchapishwa London mwaka 1870 pamoja na tafsiri yake, kisha baada ya miaka thelathini hadi arobaini zikajitokeza upya, kwa Kiingereza kitupu, katika vitabu vya watoto vya mwanachuoni wa Kiskoti aliyeitwa Andrew Lang. Vitabu hivyo vimechapishwa tena na tena tangu wakati huo. Kwa hiyo wako wasomaji wengi duniani, na baadhi yao ni Waafrika, wanaomjua paa aliyemtajirisha maskini, au kima aliyeuacha moyo wake mtini, kwa umbo alilopewa na Lang, na ambao hawajapata kuuona hata ukurasa mmoja wa matini ya Kiswahili.

Hapa Kaaga jambo hili lina uzito wake. Wengi wa wanafunzi wetu wa fasihi simulizi lugha yao ya kwanza ni Kimeru; ngano ya Unguja huwajia kama mgeni abishaye hodi, nao hawana nyanya wa kumuuliza ikiwa mgeni huyo amevaa nguo zake mwenyewe au za kuazima. Mwanafunzi akiipata ngano hiyo katika Kiingereza cha Lang, ataeleza katika tasnifu yake kwamba Waswahili wa kale walikuwa na hadithi za kuwafurahisha watoto, zenye maelezo marefu ya mandhari na mabonde ya kijani. Nimesahihisha kazi za namna hiyo zaidi ya mara moja. Kosa si la mwanafunzi. Ameisoma kwa makini matini aliyopewa. Inatupasa sisi tunaofundisha tujue matini hiyo ilivyopatikana.

Lang alizaliwa Selkirk, kusini mwa Uskochi, mwaka 1844. Alisoma St Andrews, Glasgow na Oxford, akafariki mwaka 1912. Alikuwa mshairi, mwanahistoria, mfasiri wa Homer na mwandishi wa magazeti asiyechoka kalamu. Wataalamu wa ngano wanamkumbuka kwanza kwa ugomvi wake na Max Müller, mwanaisimu wa Oxford, ambaye alishikilia kwamba visasili vilizaliwa na aina ya ugonjwa wa lugha: watu wa kale walisahau maana za asili za maneno yaliyotaja jua, alfajiri na mawingu, wakayageuza maneno hayo kuwa miungu na mashujaa. Lang aliipinga hoja hiyo katika vitabu vyake vya mwaka 1884 na 1887. Ikiwa ngano zinazofanana hupatikana kwa watu ambao lugha zao hazina undugu wowote, alisema, basi ugonjwa wa lugha moja hauwezi kuwa asili yake. Afadhali tutazame desturi na imani. Mambo yasiyoingia akilini katika ngano za Ulaya, kama vile wanyama wasemao au moyo uliofichwa nje ya mwili, ni masalio ya fikira ambazo mababu wa Wazungu walikuwa nazo walipokuwa katika hali aliyoiita ya ushenzi.

Nadharia hiyo ilikuwa na pande mbili, na yafaa tuzitazame zote. Kwa upande mmoja ilimfanya Lang azisome ngano za Afrika, za Australia na za Wahindi Wekundu kwa heshima ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo, kwa kuwa kwake zilikuwa ushahidi wa lazima. Katika dibaji ya kimojawapo cha vitabu vyake vya watoto alikiri kwamba watu wa rangi zote hufanana wanaposimulia hadithi. Kwa upande wa pili, nadharia ileile iliwafananisha wale walioitwa washenzi na watoto. Binadamu, kwa mawazo ya wakati ule, alikuwa na utoto wake, utu uzima wake na uzee wake. Ngano ilikuwa kazi ya utoto huo, na mtoto wa Kiingereza aliyeketi karibu na moto alikuwa ndiye hadhira yake halali. Hivi ndivyo mlango mmoja ulivyozipitisha ngano za watu wazima wa Unguja hadi kwenye chumba cha watoto. Wengi wa waandishi waliomshutumu Lang wameuona upande wa pili tu, na waliomsifu wameuona wa kwanza tu.

Vitabu vyenyewe ni kumi na viwili, na kila kimoja kina rangi yake: cha buluu kilitoka mwaka 1889, na cha mwisho, cha rangi ya urujuani hafifu, mwaka 1910. Vilichapishwa na kampuni ya Longmans, Green, na michoro yake maarufu ni ya Henry Justice Ford. Jina la Lang liko kwenye jalada la kila kimoja, lakini kazi ya kufasiri na kusimulia upya ilifanywa zaidi na mkewe, Leonora Blanche Alleyne, pamoja na wanawake wengine wenye ujuzi wa lugha mbalimbali. Lang mwenyewe hakulificha jambo hilo. Katika dibaji ya kitabu cha mwaka 1910 alisema kwamba vitabu hivyo karibu vyote ni kazi ya mkewe, akajifananisha kwa mzaha na Adamu aliyesimamia bustani huku Hawa akifanya kazi. Kwa hiyo, tusemapo hapa "matini ya Lang", msomaji aelewe kwamba tunafuata desturi ya jalada; mkono ulioandika ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa mkewe.

Ngano zinazotuhusu ni hizi. Katika The Violet Fairy Book, kitabu cha zambarau cha mwaka 1901, ziko tatu: ile ya paa, ambayo kwa Kiswahili ni kisa cha Sultani Darai, ile ya Nunda mla watu, yaani kisa cha Sultani Majnuni, na ile ya Hasibu. Katika The Lilac Fairy Book cha mwaka 1910 iko moja, iliyopewa jina la moyo wa kima. Zote zimetoka katika kitabu kimoja, Swahili Tales cha Edward Steere.

Steere hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa jarida hili, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Alikuwa mwanasheria kwa mafunzo na mchapaji kwa mapenzi yake, akawa askofu mwaka 1874, na akafariki Unguja mwaka 1882. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu vyake viwili vikubwa: sarufi ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na mkusanyo wa ngano. Viwili hivyo ni pacha. Steere alizikusanya ngano ili ajifunze lugha kama ilivyokuwa ikitumiwa na wenyewe, na ili wageni wengine wajifunze. Kwa sababu hiyo hakuwa na haja ya kuipamba matini. Kiswahili kiko ukurasa mmoja, Kiingereza kiko ukurasa unaoukabili, na Kiingereza hicho ni cha kufuata mguu kwa mguu. Mtu aliyetaka mafundisho ya lugha ametuachia, bila kukusudia hasa, kumbukumbu ya fasihi iliyo aminifu kuliko nyingi zilizokusanywa baadaye na watu waliojiita wanafasihi.

Tena aliona jambo ambalo Lang, katika maktaba yake, hakuweza kuliona. Katika dibaji yake Steere alieleza kwamba ngano za wenyeji kwa kawaida zina kiitikio ambacho waliohudhuria wote hukiimba, na kwamba mara nyingi mifupa ya kisa imo katika nyimbo hizo. Mtambaji huziunganisha kwa maelezo anayoyabuni papo hapo. Ruth Finnegan aliyatumia maelezo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na hadi leo sijaona maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo juu ya uhusiano wa fanani na hadhira katika ngano zetu.

Tuanze na paa. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota themuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa, watu wakimcheka. Paa anasema. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, anadai kwamba ameitumwa na bwana wake Sultani Darai, na anamposea bwana wake binti wa sultani huyo. Anaua joka la vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya joka pamoja na mali yote iliyomo. Kila msomaji wa ngano za Ulaya atamkumbuka hapa yule paka aliyevaa viatu katika mkusanyo wa Perrault wa mwaka 1697, ambaye kwa werevu wa namna hiyohiyo humgeuza mtoto wa msagaji nafaka kuwa bwana mkubwa. Lang aliuona ufanano huo mapema. Katika utangulizi wa toleo lake la ngano za Perrault, la mwaka 1888, aliijadili ngano ya Unguja kando ya ile ya Kifaransa; kumbe alikuwa amekwisha kumsoma Steere miaka kumi na mitatu kabla ya kitabu cha zambarau.

Ufanano hukoma pale penye uzito. Paka wa Perrault anaishia kuwa kabaila, anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua. Anampeleka kikongwe wa nyumba kwa bwana wake kuomba huruma, na bwana anajibu kwamba apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha dhiki, katika nyumba ambayo paa ndiye aliyeiteka. Mke anasihi, bwana hasikii. Paa anakufa, na mzoga wake unatupwa kisimani. Kisha mke anajikuta nyumbani kwa baba yake, na bwana anaamka yuko jaani, anachakura punje za mtama. Lang aliuhifadhi mwisho huu wote, na kwa hilo anastahili sifa: mhariri mwingine wa vitabu vya watoto angemfufua paa.

Lakini liko jambo ambalo hakuna mfasiri wa Kiingereza angeweza kulihifadhi. Katika Kiswahili, paa na bwana wake hutawaliwa na kiambishi kilekile: paa alikwenda, bwana alikwenda. Sarufi haimshushi mnyama hata daraja moja chini ya mtu, wala haimlazimishi msimulizi kusema kama paa huyo ni wa kiume au wa kike. Kiingereza hakina nafasi hiyo. Lazima achague mojawapo kati ya viwakilishi vitatu, na kila kimoja kina hukumu yake. Msikilizaji wa Kiswahili huufikia ukatili wa bwana bila ya onyo lolote la kisarufi kwamba anayeteswa ni mnyama tu. Nilipowapa wanafunzi wangu matini zote mbili, wale waliosoma Kiingereza kwanza walilijadili suala la jinsi ya kuwatendea wanyama, na wale waliosoma Kiswahili kwanza walilijadili suala la mtumishi na tajiri. Ni dalili ndogo, nami sitaki kuijengea nadharia, ila naiona inafaa kuchunguzwa.

Ngano ya Nunda haitatuweka sana. Paka wa sultani anakula kuku, mbuzi, ng'ombe na hatimaye watu, na kila mara sultani anajibu kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake, mpaka wanapouawa wanawe. Kitinda mimba anatoka kumsaka mnyama huyo. Kila mara anarudi kwa mama yake na mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, hadi kufikia tembo, akiuliza kwa wimbo kama huyu ndiye, na mama anaitikia kwamba siye. Hapa ndipo maneno ya Steere kuhusu mifupa ya kisa yanapoonekana wazi: ondoa majibizano hayo na ngano inaanguka. Ukurasani marudio hayo huonekana kama kasoro, na msomaji huruka. Barazani ndiyo sehemu ambayo kila aliyehudhuria ana kazi ya kufanya. Pia iangaliwe kwamba Unguja haina tembo. Wawindwa wa ngano hii ni wa bara, na huenda watambaji waliipokea kwa watu wa bara, ambao mjini Unguja wakati wa Steere walikuwa wengi kupindukia, kwa sababu chungu tunazozijua.

Katika matini ya Lang ngano hii inaanza na sultani aliyeipenda sana bustani yake, aliyepanda humo miti na maua ya kila pembe ya dunia. Katika Kiswahili yupo sultani, wapo wanawe saba, na upo mtende mmoja. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni pambo tu. Lakini masimulizi yetu hayaanzi kwa mandhari. Huanza kwa watu na nasaba yao, kisha hukimbia kwa kiambishi cha -ka-, akaenda, akaona, akarudi, mpaka mtambaji atakapotaka kupumzika. Mandhari hadhira inayo tayari. Mwandishi wa London hakuwa na hadhira iliyopata kuuona mtende, akaona hana budi kuijenga bustani nzima ili mti mmoja upate pa kusimama.

Kuhusu Hasibu, ajabu yake ni ya aina nyingine. Kijana huyo, aliyeachwa na wenzake katika shimo la asali akakutana na mfalme wa nyoka, ni Hasib Karim al-Din wa Alfu Lela U Lela. Huko Uarabuni mtawala wa nyoka ni malkia. Waswahili walimfanya mfalme. Lang alikwisha kuhariri uteuzi wa hadithi za Alfu Lela U Lela mwaka 1898, miaka mitatu kabla ya kumweka Hasibu katika kitabu cha zambarau kama kisa cha Waswahili. Simlaumu: ngano iliyokwisha kukaa barazani kwa watu vizazi na vizazi ni yao. Ila kwa mtu aliyetaka kuona katika ngano za Afrika fikira za utoto wa binadamu, ilikuwa bahati mbaya kwamba mojawapo ilikuwa imepitia madrasa na vitabu vya Kiarabu kabla ya kumfikia.

Sasa tufike kwa kima, ambaye kwangu ndiye kiini cha suala hili. Kima na papa ni marafiki. Papa hula matunda ya mkuyu ambao matawi yake nusu yako upande wa mji na nusu yameinamia bahari. Papa anamkaribisha kima kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasikitika kwamba hakuambiwa mapema: sisi kima, asema, tukitoka kutembea mioyo yetu huiacha mtini. Papa anarudi; kima anapanda mtini, na hashuki tena. Papa anapomwita anajibu kwa kuuliza kama amemdhani kuwa punda wa dobi, na hapo anasimulia ngano ya pili ndani ya ile ya kwanza. Simba anataka nyama ya punda. Sungura anamshawishi punda aende. Punda anaponea chupuchupu, kisha anashawishiwa tena na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Sungura anaula moyo na masikio, na simba anapouliza viko wapi, anajibiwa kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Kisa hiki ni cha kale mno. Kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambamo adui wa kima ni mamba. Kikaingia katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya nane, ambamo rafiki mwongo ni kobe. Waswahili, watu wa maji ya chumvi, walimchagua papa. Katika mapokezi hayo yote ni kitabu cha nasaha kwa watawala na washauri wao. Steere, kwa kuwafuata waliomsimulia, alikiita kisa cha punda wa dobi, na jina hilo linaonyesha mzigo wa kisa uko wapi. Moyo hapa ni kiti cha busara, na masikio ni njia yake. Asiye navyo hurudi palipomdhuru jana. Matini ya Lang inaihifadhi ngano ya ndani, lakini jina linamwendea kima. Punda anakuwa nyongeza.

Mabadiliko ya jina si jambo dogo, kama ilivyodhihirika mwaka 1939. Mwaka huo J.R.R. Tolkien alialikwa St Andrews kutoa mhadhara wa kumbukumbu ya Lang, na katika kujadili ni ngano gani zinazostahili kuitwa hadithi za maajabu alikitaja kisa hiki cha Waswahili kwa jina. Aliona kwamba ni hurafa ya wanyama tu, na akashuku kwamba Lang alikiingiza kitabuni kwa sababu ya ule moyo ulioachwa nje ya mwili, ambao mtaalamu wa ngano angeona ni masalio ya imani ya kale, ingawa katika kisa chenyewe ni mzaha. Nadhani Tolkien alimwelewa Lang barabara. Lakini wote wawili walikuwa wakibishana juu ya nusu ya kwanza ya kisa. Hakuna aliyemuuliza punda. Mwanachuoni mmoja alitafuta imani ya kale katika moyo wa kima, mwingine akaona hapana ila mzaha. Na msikilizaji wa Unguja, kama jina la kisa linavyoshuhudia, alikuwa akisikiliza nasaha juu ya mtu anayedanganywa mara mbili.

Kuhusu mandhari, matini ya mwaka 1910 inatupatia kijiji kidogo cha vibanda katika bonde la kijani chini ya jabali, mbali na maji makuu ya bahari. Anayeijua Unguja, kisiwa tambarare cha matumbawe, atajiuliza bonde hilo liko wapi. Mimi nilipopata kuishi ng'ambo kwa masomo niliviona vijiji vya namna hiyo, na havikuwa na mikuyu.

Mtu aweza kuuliza: haya yanatuhusuje sisi wa Meru na Embu? Misheni ya Kimethodisti, iliyoanza pwani, Ribe, katika miaka ya 1860, ilifika Meru mwaka 1912, mwaka uleule aliofariki Lang, ikajenga kituo chake hapa Kaaga. Kiswahili na vitabu vyake vilipanda huku kwa njia hiyo na nyinginezo. Lakini uhusiano ninaoutaka ni mwingine. Wameru wanayo masimulizi ya Mbwaa, nchi ya maji ambako walitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, ndama mwenye kinyesi cheupe, mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Mzee Koomenjwe aliwatafutia hila kwa mitihani ile, na ulipofika ule usio na hila wakatoroka na kuyavuka maji. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, alfajiri nyekundu, na mchana nyeupe. Bernardo Bernardi, aliyeandika kuhusu Mugwe mwaka 1959, na Jeffrey Fadiman baada yake, waliyachukua masimulizi haya kuwa mapokeo ya kihistoria, kama wazee wenyewe wanavyoyachukua.

Lang angefanya nini nayo? Mitihani isiyowezekana imejaa katika vitabu vyake vyote kumi na viwili. Angemtambua Koomenjwe mara moja kuwa ndugu wa wasaidizi wote wenye hekima wa ngano za Ulaya, na kwa ufundi wake wa kulinganisha hangekosea. Kisha masimulizi yangepewa rangi na mchoro, na yangesomwa na watoto. Koo tatu zingeondolewa, kwa kuwa mtoto wa Kiingereza hana haja nazo. Na kwa Mmeru koo hizo ndizo sababu ya kuyasimulia.

Utanzu wa simulizi huamuliwa na wanaolitumia, na hili ni jambo ambalo ulinganishaji wa motifu pekee hauwezi kutuambia. Mashaka yangu ni kwamba sisi wenyewe tumeirithi tabia ya kitabu cha zambarau. Masimulizi ya wazee yanayokusanywa siku hizi katika wilaya zetu mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye vitabu vya shule ya msingi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila ya Kimeru au Kiembu chake, bila ya wimbo, bila ya jina la aliyesimulia. Zipo kazi zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, mojawapo ikiwa ile ya Ciarunji Chesaina ya mwaka 1997 juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, lakini ni chache kuliko mahitaji.

Kwa kazi ya darasani napendekeza tuanze na jambo jepesi. Matini ya Steere ya mwaka 1870 haina tena haki ya mwenyewe, na yeyote anaweza kuipiga chapa. Toleo la kufundishia linaweza kuandaliwa lenye nguzo tatu: Kiswahili cha Steere, Kiingereza chake, na Kiingereza cha Lang. Ugumu utakuwa katika tahajia. Kitabu hicho kiliandikwa miaka hamsini na minane kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sitini kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930. Wako watakaotaka kuisanifisha matini ili isomeke kwa urahisi. Mimi ningeiacha tahajia ilivyo, na kuweka usanifu katika maelezo ya chini, kwa kuwa mahali Steere alipotofautiana na sarufi zetu za leo huenda ndipo aliposikia sawasawa kilichosemwa. Nyimbo za Nunda zinahitaji uangalifu wa ziada: zichapwe kwa mistari yake yote, kila mara zinaporudi, hata kama mchapaji atalalamika juu ya karatasi.